Castellani: Mgunduzi wa chanzo cha buba aliyeishia kulitumikia jeshi la Mussolini

BARABARA itokayo Mto wa Mbu kupanda Karatu kuelekea Ngorongoro hupita jirani na Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara, na msafiri anayeitumia si ajabu akawakuta nyani wameketi pembezoni mwa lami. Wachache miongoni mwa wasafiri hao wanafahamu kuwa baadhi ya nyani wa ukanda huo wamekuwa wakisumbuliwa na vidonda vya ngozi vilivyowashughulisha wataalamu kwa miaka mingi.

Vidonda hivyo, vilivyoanza kuonekana Manyara katika miaka ya 1990, huwapata nyani hasa sehemu za siri na huweza kuziharibu vibaya. Uchunguzi wa maabara ulibaini kwamba husababishwa na bakteria wa aina ileile inayomletea binadamu ugonjwa wa buba. Utafiti uliofanyika nchini Tanzania kati ya mwaka 2015 na 2017, ukihusisha wanyama 289 wa jamii ya nyani, tumbili na kima, ulikuta maambukizi katika maeneo 11 kati ya 14 yaliyochunguzwa.

Jina la kitaalamu la bakteria huyo, pertenue, lilitolewa mwaka 1905 na daktari wa Kiitaliano aliyeitwa Aldo Castellani. Ni neno la Kilatini lenye maana ya kitu chembamba mno. Daktari huyohuyo ndiye aliyeeleza, mwaka 1910, aina ya fangasi ambayo hadi leo inaongoza duniani kwa kuharibu kucha za binadamu. Dawa yake nyekundu ya kupaka kwenye ngozi na pembezoni mwa kucha bado inaitwa kwa jina lake.

Katika tiba ya ngozi ni vigumu kumpata mtu aliyeacha alama nyingi kama yeye. Ni vigumu vilevile kumpata aliyeacha maswali mazito kama yake, kwani daktari huyu aliyejenga jina kwa kuchunguza ngozi za maskini alikuja kuongoza huduma za afya za jeshi lililowaunguza Waethiopia kwa gesi ya sumu.

Kutoka Florence hadi Entebbe

Castellani alizaliwa katika mji wa Florence, Italia, Septemba 8, 1874. Alisomea udaktari katika mji huohuo na kuhitimu mwaka 1899, kisha akaenda Bonn, Ujerumani, kujifunza elimu ya bakteria. Huko alibuni njia ya kutofautisha bakteria wanaofanana kwa kutumia maji ya damu, njia iliyomjengea heshima angali kijana.

Baadaye alihamia London, kwenye chuo cha tiba za nchi za joto kilichoanzishwa na Patrick Manson. Wakati huo, habari za kutisha zilikuwa zikitoka Uganda. Ugonjwa wa malale ulikuwa unamaliza watu kandokando ya Ziwa Victoria, hususan Busoga, na inakadiriwa kuwa hadi janga hilo lilipotulia watu wasiopungua 200,000 walikuwa wamepoteza maisha.

Mwaka 1902 Jumuiya ya Kifalme ya Uingereza iliteua madaktari watatu kwenda kutafuta chanzo cha maradhi hayo. Walikuwa George Low, Cuthbert Christy na Castellani, ambaye bado hakuwa na umri wa miaka 30. Reli ya Uganda ilikuwa imefika ukingoni mwa ziwa miezi michache tu kabla ya hapo, na maabara ya madaktari hao ikawekwa Entebbe.

Mwanzoni Castellani alipotea njia. Aliwakuta bakteria wa kawaida katika miili ya marehemu, akaamini kuwa ndio chanzo cha malale. Lakini Novemba 1902, alipokuwa akichunguza kwa darubini maji yaliyotolewa katika uti wa mgongo wa mgonjwa, aliona vijidudu vya aina nyingine vikijisukuma kwa mikia yao. Vilikuwa tripanosoma, jamii ya vimelea iliyokuwa ikijulikana kuua mifugo.

Machi 1903, Kanali David Bruce aliwasili Entebbe kuongoza awamu ya pili ya uchunguzi. Castellani alimweleza alichokiona, na Bruce akatambua mara moja uzito wake. Wagonjwa zaidi walichunguzwa, vimelea vikapatikana, na muda si mrefu Bruce pamoja na msaidizi wake, David Nabarro, wakathibitisha kuwa mbung'o ndiye anayeeneza malale.

Hapo ndipo ulipozuka mzozo wa nani apewe sifa. Castellani alidai ugunduzi ni wake. Waliokuwa upande wa Bruce walidai kijana huyo hakuelewa maana ya alichokiona hadi alipofunguliwa macho na mkubwa wake. Ubishi huo ulifika hadi kwenye magazeti ya London na haukumalizika wakati wa uhai wao.

Katika malumbano yote hayo, hakuna aliyewataja kwa majina wagonjwa wa Uganda ambao migongo yao ilitobolewa ili maji hayo yapatikane. Wengi wao walikufa kwa ugonjwa uleule, kwa sababu wakati huo tiba ya kuwaponya haikuwapo. Kanuni za kimataifa zinazodai mgonjwa aridhie kwanza ndipo afanyiwe utafiti zilikuja miongo kadhaa baadaye, za Nuremberg mwaka 1947 na za Helsinki mwaka 1964.

Miaka ya Ceylon

Castellani aliondoka Uganda mwaka 1903 akaelekea Colombo, kisiwani Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Huko aliongoza taasisi ya bakteria ya serikali ya kikoloni hadi mwaka 1915, na ndiko alikofanya kazi kubwa zaidi ya maisha yake.

Ugonjwa uliomvuta zaidi ulikuwa buba. Ni ugonjwa wa watu wa vijijini, hasa watoto, na huenea ngozi ya mwenye kidonda inapogusana na ngozi ya mwingine. Huanza na uvimbe mmoja, kisha vidonda husambaa mwilini, na usipotibiwa hula mifupa na kuharibu sura. Kwa kuwa hauui haraka, haukupewa uzito kama malaria au ndui, ingawa uliwaacha maelfu na ulemavu wa maisha.

Mwaka 1905 Castellani aliona katika majimaji ya vidonda vya buba bakteria wembamba waliojikunja kama skrubu. Mwaka huohuo Wajerumani wawili, Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann, walikuwa wametangaza kumpata bakteria wa kaswende, na hao wawili walifanana mno kiasi kwamba darubini haikuweza kuwatenganisha.

Ili kupata uhakika, Castellani alichukua majimaji ya vidonda vya wagonjwa na kuyaingiza katika ngozi za nyani. Vidonda vilijitokeza, na ndani yake bakteria walewale wakapatikana. Aliona pia kuwa mnyama aliyewahi kuugua buba hakupata kinga dhidi ya kaswende, jambo lililomfanya asisitize kuwa hayo ni maradhi mawili tofauti.

Miaka zaidi ya 100 baadaye, majaribio hayo yanaonekana kwa jicho jipya. Ugonjwa ambao Castellani aliwaambukiza nyani kwa makusudi huko Colombo ndio ambao wataalamu wamewakuta nao nyani wa porini katika Manyara na hifadhi nyingine, bila mkono wa mtu yeyote.

Kuhusu tiba, Castellani alitengeneza dawa ya kunywa yenye mchanganyiko wa chumvi za iodini na antimoni, iliyopewa wagonjwa wa buba katika nchi kadhaa za joto. Baadaye dawa hiyo ilipitwa na sindano. Tanganyika, katika miaka ya 1920, serikali ya Waingereza ilieneza sindano za bismathi, na watu walimiminika kwenye zahanati kuzifuata kwa sababu vidonda vilikauka ndani ya muda mfupi. Wanahistoria wengi wanaona kuwa imani kubwa ya wananchi wa Afrika Mashariki katika sindano ilitokana na kampeni hizo za buba.

Fangasi, kucha na dawa nyekundu

Colombo ni mji wenye joto na unyevu, na ngozi za wakazi wake zilimpa Castellani kazi nyingine isiyoisha. Alianza kukusanya magamba ya choa, mba na vipande vya kucha zilizooza, akavipandikiza maabara na kuviorodhesha. Wakati huo madaktari wengi wa Ulaya waliamini kuwa fangasi wa ngozi ni wa aina chache tu. Yeye alionyesha kuwa nchi za joto zina aina nyingi ambazo hazikuwa zimeelezwa.

Mojawapo, aliyoieleza mwaka 1910, ilijulikana kwa rangi nyekundu inayojitokeza inapooteshwa, na leo inaitwa Trichophyton rubrum. Ndiyo inayopatikana mara nyingi zaidi pale daktari anapochunguza kucha ya mguu iliyogeuka njano, ikawa nene na kumeguka. Zamani haikujulikana sana nje ya Asia na baadhi ya sehemu za Afrika, lakini katika karne ya 20 ilisambaa duniani kote kupitia vita, safari, viatu vya kufunika na mabafu ya pamoja.

Mwaka huohuo wa 1910, akishirikiana na Albert Chalmers, alichapisha kitabu kikubwa cha tiba za nchi za joto kilichotumiwa na madaktari wa makoloni. Kwa daktari aliyepelekwa peke yake katika kituo cha mbali, kitabu hicho kilikuwa mwalimu na mshauri.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ambamo alihudumu Serbia, Castellani aliishi London. Alifungua ofisi mtaa wa Harley, unaojulikana kwa madaktari wa matajiri, huku akiendelea na utafiti. Katika kipindi hicho ndipo rangi yake ya kupaka ilipopata umaarufu. Mchanganyiko wake ulikuwa na fuksini, ambayo ndiyo huipa wekundu, pamoja na fenoli, asidi ya boriki, asetoni, resosino, spiriti na maji.

Dawa hiyo ilikausha sehemu zenye unyevu, ikaua fangasi na bakteria kwa pamoja. Ilifaa hasa katikati ya vidole vya miguu, kwenye mikunjo ya mwili na kwenye nyama ya pembezoni mwa kucha inapovimba na kutoa usaha, maradhi ya kawaida kwa wanaoshinda mikono yao ikiwa majini. Kasoro yake ilikuwa moja kubwa: ilichafua nguo na ngozi kwa rangi. Mgonjwa aliyeitumia hakuweza kuficha kuwa anatibiwa.

Hata hivyo, dawa ya kupaka ilikuwa na mpaka wake. Kucha ni ngumu na dawa haipenyi kwa urahisi hadi pale fangasi wanapojificha. Aidha, kucha ya kidole gumba cha mguu huchukua mwaka mmoja au zaidi kujiotesha upya, hivyo mgonjwa hulazimika kuwa na subira ndefu. Nafuu kubwa ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1950, griseofulvini ya kumeza ilipoanza kutumika, na baadaye terbinafini katika miaka ya 1990.

Vilevile namna ya kupima dawa ilibadilika. Castellani alitegemea macho yake na kumbukumbu za wagonjwa wake, kama walivyofanya madaktari wote wa zama zake. Leo dawa ya ngozi au kucha hupimwa kwa kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu katika makundi mawili, ili tofauti ionekane bila upendeleo wa daktari. Kwa mtindo huo, utafiti uliofanyika Papua New Guinea na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa dozi moja ya vidonge vya azithromycin hutibu buba sawa na sindano ya penisilini.

Upande wa Mussolini

Sifa za Castellani zilivuka mipaka. Uingereza ilimpa cheo cha heshima cha Sir, vyuo vya Marekani vilimwalika kufundisha New Orleans, na familia za kifalme za Ulaya zilimfanya daktari wao. Wakati huohuo alikaribiana na utawala wa Benito Mussolini, akawa seneta wa Italia na kuongoza kliniki ya magonjwa ya nchi za joto mjini Roma.

Oktoba 3, 1935, Italia iliivamia Ethiopia. Castellani alikabidhiwa usimamizi wa huduma za afya za majeshi hayo. Wataalamu wengi wa Ulaya walitabiri kwamba malaria na kuhara vingewamaliza askari wa Kiitaliano kabla hawajafika Addis Ababa. Yeye alisisitiza maji safi, kwinini, usafi wa kambi na meli za hospitali, na kwa mujibu wa hesabu alizozitangaza baada ya vita, waliokufa kwa maradhi katika jeshi la watu wapatao nusu milioni walikuwa mamia tu.

Italia ilimsherehekea kama shujaa. Hata hivyo, upande wa pili wa mstari wa vita, ngozi za Waethiopia zilikuwa zikiungua. Kuanzia Desemba 1935 ndege za Italia zilidondosha gesi ya haradali, sumu inayovimbisha ngozi malengelenge, kuichubua na kupofusha macho. Italia ilikuwa imeridhia mkataba wa Geneva wa mwaka 1925 uliopiga marufuku matumizi ya silaha hizo.

Marcel Junod, daktari wa Msalaba Mwekundu kutoka Uswisi, aliwaona majeruhi wa gesi hiyo karibu na Korem mwaka 1936, wakiwa wamelala kwa wingi bila dawa. Juni 30 mwaka huo Mfalme Haile Selassie aliyaeleza mateso hayo mbele ya Umoja wa Mataifa wa wakati huo mjini Geneva. Serikali ya Italia ilichukua miaka 60 kukiri, ilipofanya hivyo mwaka 1996.

Castellani hakuwa rubani wala hakutengeneza mabomu. Lakini miongoni mwa madaktari waliokuwa katika vita ile, hakuna aliyeifahamu ngozi ya binadamu kuliko yeye. Mafanikio yake ya kitabibu yalilisaidia jeshi hilo kusonga mbele, na baada ya ushindi Mfalme wa Italia alimpa cheo cha kikabaila kilichobeba jina la Kismayu, mji wa pwani ya Somalia uliowahi kuwa chini ya Sultani wa Zanzibar na ambao Uingereza iliukabidhi kwa Italia mwaka 1925. Hivyo daktari kutoka Florence akaitwa mkuu wa mji wa Waafrika ambao hawakuulizwa.

Vita Kuu ya Pili ilimweka katika hali ya ajabu zaidi. Binti yake, Jacqueline, alikuwa ameolewa mwaka 1934 na Sir Miles Lampson, mwakilishi wa Uingereza mjini Cairo. Wakati majeshi ya Italia na Ujerumani yakipigana kuifikia Misri, mkwe huyo alikuwa akiilinda Cairo kwa niaba ya London, na Castellani akisimamia afya ya askari wa upande wa adui.

Uhamishoni Lisbon

Juni 1946 Waitaliano walipiga kura ya kuuondoa ufalme. Castellani aliifuata familia ya kifalme uhamishoni Ureno, akawa profesa katika taasisi ya tiba za nchi za joto mjini Lisbon. Aliendelea kuandika kuhusu fangasi na magonjwa ya ngozi hata alipokuwa mzee sana, na mwaka 1960 alitoa kitabu cha maisha yake. Alifariki dunia Lisbon Oktoba 3, 1971, akiwa na umri wa miaka 97, siku ambayo Italia ilikuwa imetimiza miaka 36 kamili tangu iingie Ethiopia kwa silaha.

Aliishi muda wa kutosha kuuona ugonjwa wa buba ukipigwa kumbo. Kati ya mwaka 1952 na 1964, Shirika la Afya Duniani na Unicef yaliendesha kampeni ya penisilini iliyowatibu watu wapatao milioni 50 katika nchi 46, na idadi ya wagonjwa ikashuka kwa takriban asilimia 95. Kisha dunia ikalegeza juhudi, ugonjwa ukarejea katika baadhi ya nchi, na sasa shirika hilo limeweka lengo jipya la kuutokomeza ifikapo mwaka 2030.

Ndiyo maana nyani wa Manyara wana umuhimu. Ndui ilitokomezwa kwa sababu haikuwa na mnyama wa kuihifadhi. Kama bakteria wa buba anaishi porini, wataalamu wanapaswa kujua iwapo anaweza kuvuka tena na kuingia kwa binadamu. Hadi sasa haijathibitishwa kwamba jambo hilo linatokea, na aina zilizopimwa zinaonyesha kuwa hata kati ya spishi za wanyama hao uambukizo ni wa nadra. Swali hilo, hata hivyo, haliwezi kupuuzwa katika wilaya kama Karatu na Ngorongoro, ambako watu, mifugo na wanyamapori hukaa jirani.

Kwa mgonjwa wa ngozi wa mikoa ya kaskazini, mambo yamebadilika. Tangu mwaka 1992 Moshi, katika Hospitali ya KCMC, pana kituo cha kanda cha kufundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi, ambacho kimetoa wahitimu waliosambaa katika nchi nyingi za Afrika. Wengi wa wataalamu wanaopita hapo ni Waafrika, na ngozi wanazozichunguza ni za watu wao wenyewe, wanaoulizwa kwanza kama wanakubali kuchunguzwa.

Wanafunzi hao hulikuta jina la Castellani katika vitabu: kwenye bakteria wa buba, kwenye fangasi wa kucha, na kwenye chupa ya dawa nyekundu. Kazi hiyo imethibitishwa na wengine na itabaki. Habari za Ethiopia hazimo katika kurasa hizo, ingawa ni sehemu ya maisha ya mtu huyohuyo, na anayelitaja jina lake kwa heshima anapaswa kuzijua pia.